Dr. Ludwig Krapf: Shukrani Katika Msiba



Muhula huu mwalimu wetu wa Kiswahili alitutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu wengi wamechagua watawala na mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua Dr. Johann Ludwig Krapf, na kabla ya kuanza yanipasa nieleze sababu, maana sikumchagua kwa ajili ya umaarufu wake.

Mwaka jana, wakati wa likizo, mdogo wangu wa mwisho alifariki kwa malaria. Alikuwa na umri wa miaka sita. Watu walikuja matangani siku nyingi. Kila aliyekuja alimpa mama pole, kisha akamwuliza hali, na mama kila mara alijibu kuwa tunamshukuru Mungu. Mimi nilikaa pembeni nikalisikia jibu lile tangu asubuhi hata jioni, na moyo wangu ukaingia uchungu. Nilijiuliza, tunashukuru nini? Niliporudi shuleni niliacha kwenda katika sala za Jumapili pamoja na Wakristo wenzangu, wala sikumweleza mtu yeyote sababu.

Likizo iliyofuata nilikwenda Mombasa kwa mjomba wangu anayekaa Kisauni. Siku moja akanichukua mpaka Nyali, akanionyesha kaburi la mwanamke wa Kizungu aliyezikwa pamoja na mtoto wake mchanga. Mjomba hakunihubiria. Aliniambia tu kwamba mume wa mwanamke yule ndiye aliyetunga kamusi kubwa ya kwanza ya lugha yetu ya Kiswahili. Tangu siku ile nikaanza kusoma kila nilichokipata juu ya mtu huyo, na haya ndiyo niliyoyapata.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo yeye hakulitenda. Kipigo kile kilimletea ugonjwa, akalala kitandani muda wa miezi sita. Mtoto mwingine angalitoka kitandani na kisasi moyoni. Yeye katika miezi ile alisoma Biblia, hasa habari za wazee wa kale, Ibrahimu na wenzake, waliotoka kwao wakaenda wasikokujua. Baadaye akiwa shuleni alipewa kitabu cha ramani. Alipoitazama Afrika ya Mashariki aliona nafasi kubwa tupu, majina ya miji machache mno, akashangaa. Nadhani safari yake ilianzia pale.

Mwaka 1827 aliingia katika chuo cha wamisionari huko Basel, Uswisi. Miaka kumi baadaye, mwaka 1837, chama cha Kiingereza cha Church Missionary Society kilimpeleka Ethiopia. Huko hakukaa kwa raha. Mwaka 1838 alifukuzwa Tigre. Akaingia kwa njia nyingine mpaka nchi ya Shoa, akakaa huko tangu 1839 hata 1842, akisoma lugha na kuandika habari za Waoromo. Mwaka 1842 alitoka ili akaoe, na njiani mkuu mmoja wa nchi akamnyang'anya mali zake zote. Hata hivyo alifika Misri, akamwoa Rosina Dietrich, naye Rosina akakubali kurudi pamoja naye katika nchi ile iliyomwibia mumewe.

Lakini walipojaribu kurudi Shoa walizuiwa. Mwaka 1843, wakiwa safarini nyikani, Rosina alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati wake. Hapakuwa na nyumba wala mkunga. Mtoto hakuishi. Wazazi wake walimpa jina la Eneba, ambalo kwa Kiamhari maana yake ni chozi, wakamzika njiani, wakaendelea na safari. Hapo nilipokuwa nikisoma niliweka kitabu chini. Niliona kwamba mtu huyu hakumficha Mungu machozi yake, bali aliyaita kwa jina lake, akayafanya kuwa jina la mtoto.

Kwa kuwa njia ya kaskazini ilifungwa, Krapf alifikiri kuijaribu njia ya pwani ya Waswahili. Mnamo Januari 1844 alifika Unguja, na Sayyid Said, mtawala wa Unguja, akampokea kwa wema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Kwa barua ile Krapf na mkewe wakaenda kukaa Mombasa mwaka huohuo. Hakupoteza siku. Tarehe 8 Juni, 1844, alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Na ni nani aliyemsaidia? Alikuwa mwanachuoni wa Kiislamu, Sheikh Ali bin Muhidini, mtu wa asili ya Barawa, aliyekuwa kadhi hapo Mombasa. Jambo hili lilinifurahisha sana, kwa kuwa katika shule yetu vilevile sisi wa dini mbili tunakaa benchi moja na kusahihishana insha.

Mwezi mmoja tu ulipita. Katika Julai 1844 Rosina alijifungua mtoto wa pili, naye alikuwa msichana tena. Homa ya malaria ikawashika wote wawili, mume na mke. Wakati ule watu hawakujua kwamba malaria inaletwa na mbu. Jambo hilo halikuthibitishwa mpaka miaka ya 1890. Walidhani kwamba homa hutokana na hewa mbaya. Rosina akafariki siku chache baada ya kujifungua. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hata ilimbidi ajikokote ili ahakikishe kama mkewe amekata roho. Siku chache baadaye yule mtoto mchanga naye akafa. Katika muda usiofika majuma mawili nyumba yake ikawa tupu.

Rosina kabla ya kufa alikuwa ameomba asizikwe kisiwani, bali azikwe upande wa bara, mahali wanapopita watu wa nchi, ili kaburi lake liwakumbushe ni jambo gani lililomleta kwao. Wakafanya kama alivyotaka. Ndilo kaburi lile nililoonyeshwa na mjomba. Krapf alipopata nguvu aliwaandikia wakubwa wake wa Uingereza. Hakuwaomba wamrudishe kwao. Aliwaambia kuwa sasa wana kaburi katika pwani hii, nalo ni alama ya kwamba kazi imeanza, na kwamba wajiandae kutuma watu wengine.

Wasomaji wenzangu, nilipolisoma hilo kwanza nilikasirika. Niliona kama mtu asiye na huruma, anayefanya maiti ya mkewe kuwa hesabu ya kazi. Lakini nilipoendelea kusoma nilifahamu kwamba nimekosea. Mtu asiye na huruma hamwiti mtoto wake Chozi. Krapf alilia sana. Ila hakukubali kwamba kile kilichokufa ndicho pekee alichokuwa nacho. Alikuwa bado na lugha ya kujifunza, na karatasi, na Sheikh Ali wa kumsahihisha. Akavishika hivyo. Aliendelea kutafsiri, akakusanya maneno, akawauliza watu maana yake, akayaandika. Kazi ile ndiyo iliyokuwa shukrani yake.

Mnamo Juni 1846 alipata mwenzi, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Rebmann naye mara akapata homa. Hata hivyo tarehe 25 Agosti, 1846, walihama Mombasa kwenda Rabai, juu ya vilima, wote wawili wakiwa wagonjwa. Walikuwa na punda mmoja, wakapokezana kumpanda. Hakuna mtu ambaye angewaona siku ile akadhani kwamba kazi yao itadumu. Wazee wa Rabai waliwapokea vizuri, na hapo ndipo wakajenga makao.

Basi yafuatayo wengi wetu tumeyasoma katika kitabu cha historia. Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei, 1848. Krapf mwaka huohuo alisafiri mpaka Usambara, akafika Vuga kwa mfalme Kimweri, akapokewa kwa heshima. Akarudi tena huko mwaka 1852. Tarehe 3 Desemba, 1849, akiwa Kitui katika Ukambani, aliuona mlima Kenya. Wote wawili walieleza kwamba juu ya milima ile kuna theluji, na wataalamu wengine wa Ulaya, waliokuwa wamekaa katika viti vyao, wakawacheka kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta. Miaka ikapita ndipo ikajulikana kuwa hawakusema uongo.

Historia ya darasani huishia hapo. Lakini habari iliyonigeuza mimi ni ya mwaka 1851, nayo haimo katika kitabu chetu.

Mwaka ule Krapf alikwenda Ukambani mara ya pili. Alifuatana na Kivoi, mkubwa mashuhuri wa Wakamba wa Kitui, wakaelekea mto Tana. Karibu na mto wanyang'anyi wakawashambulia. Kivoi akauawa, na watu wake wakatawanyika. Krapf akajikuta peke yake porini, hana chakula, hana maji, hana mtu wa kumwonyesha njia. Alikwenda usiku na kujificha mchana. Aliufikia mto Tana akanywa, lakini hakuwa na chombo cha kuchukulia maji. Basi akatia maji katika ala ya ngozi ya darubini yake, na katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa nyasi na vipande vya nguo alivyovikata katika suruali yake. Maji yale hayakudumu. Miiba ya pori ikamsumbua, na maji yakamwagika.

Siku iliyofuata kiu ilimshika sana. Ndipo aliposikia sauti za nyani. Akafurahi, kwa kuwa alijua kwamba penye nyani bondeni hapakosi maji. Akafuata mfereji wa mto mkavu mpaka akaona shimo walilolichimba nyani mchangani, na ndani yake mlikuwa na maji. Hapo, kama alivyoeleza mwenyewe katika kitabu cha safari zake, alimshukuru Mungu kwa zawadi ile kubwa, kisha akanywa. Akaimwaga baruti kutoka katika pembe yake, akaifunga katika leso, na pembe akaijaza maji. Njaa ilipomzidi alikula baruti kidogo pamoja na machipukizi ya mti mmoja, nayo yakawa machungu.

Tazameni jambo hilo. Rafiki yake ameuawa. Mkewe na watoto wake wawili wako kaburini. Mwenzake Wagner alikuwa amekufa mwaka 1849 muda mfupi baada ya kufika pwani, na Pfefferle naye amekufa mwaka uleule wa 1851. Yeye mwenyewe hajui kama atafika kesho. Hakushukuru kwamba Kivoi amekufa. Hakushukuru kwa kiu wala kwa njaa. Alishukuru kwa shimo la nyani, kwa sababu maji yalikuwamo. Zamani mimi nilidhani kushukuru katika msiba ni kusema kwamba msiba ni mwema. Kumbe sivyo. Msiba ni mbaya, na mtu ana ruhusa ya kuuita chozi. Bali kushukuru ni kuyaona maji yaliyo shimoni wakati jangwa lingali jangwa, na kuyapokea kama zawadi, siyo kama haki yako.

Krapf alifika Rabai akiwa hai. Lakini mwili wake ulikuwa umechoka kabisa, na mwaka 1853 aliiacha Afrika ya Mashariki akarudi Ujerumani, akakaa katika mji wa Kornthal. Kama tukihesabu kwa macho ya watu, alikuwa ameshindwa. Alikusudia kuweka mlolongo wa vituo vya misheni tangu Mombasa mpaka pwani ya magharibi ya Afrika, na alipoondoka kilikuwako kituo kimoja tu, kile cha Rabai. Mtu wa kwanza aliyeongoka Rabai alikuwa Mringe, kilema mgonjwa, aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Walioamini baada yake katika miaka ile walikuwa wachache mno.

Hata baada ya hapo hakutulia. Mwaka 1862 alikuja tena pwani ili kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo chao Ribe. Mwaka 1867 alikwenda Ethiopia kuwa mkalimani, lakini ugonjwa ukamrudisha. Mkewe wa pili, Charlotte, alifariki mwaka 1868, na hivyo akaonja ujane kwa mara ya pili. Rebmann, aliyekaa Rabai karibu miaka ishirini na tisa bila kwenda kwao, alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akakaa karibu na rafiki yake wa zamani, akafa mwaka uliofuata. Na siku zote hizo Krapf alikuwa akiendelea na kamusi yake. Alifariki tarehe 26 Novemba, 1881; walimkuta amekufa karibu na kitanda chake, amepiga magoti kama mtu asaliye. Kamusi yake ya Kiswahili na Kiingereza ilichapishwa London mwaka 1882. Hakuiona.

Simsifu Krapf kwa kila jambo. Katika maandishi yake mna maneno makali juu ya mila za watu wa nchi hizi na juu ya dini ya Kiislamu, maneno ambayo mimi nisingependa kuyasema mbele ya rafiki zangu. Alikuwa mtu wa zama zake, tena mwenye haraka. Lakini maneno mengi aliyoyaandika katika kamusi ile aliyapata kwa kuuliza watu na kuwasikiliza, na mtu anayekaa miaka mingi akisikiliza lugha ya wenzake, baada ya kuzika familia yake katika nchi yao, hawezi kuitwa mtu aliyewachukia.

Mwalimu wetu alipata kutuletea darasani nakala ya kamusi hiyo. Kiswahili chake ni cha Kimvita, na tahajia yake si kama yetu, kwa hiyo tulicheka kidogo. Mimi nilifungua nikatafuta neno shukuru. Nilipolitazama nilikumbuka kwamba mkono ulioliandika ulikuwa umechimba kaburi la Eneba.

Likizo iliyopita nilimwuliza mama lile nililoogopa kumwuliza mwaka mzima: siku zile za matanga alikuwa akishukuru nini? Mama alikuwa akichambua mchele. Hakukasirika. Aliwataja majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, na dada yake aliyekesha naye siku tatu, na fundi seremala ambaye hakutaka kulipwa kwa jeneza. Akasema pia kwamba usiku wa mwisho mtoto aliamka akacheka kidogo, naye aliiona kicheko kile, wala hataisahau. Kisha akajifuta machozi kwa ncha ya khanga, akaendelea kuchambua mchele. Nikaketi nikamsaidia.

Jumapili ya kwanza ya muhula huu nilirudi katika sala. Sijapata jibu la maswali yangu yote, wala sidhani kwamba Krapf aliyapata. Ndugu zetu Waislamu nao husema Alhamdulillahi wakiwa katika raha na wakiwa katika dhiki, kwa hiyo nadhani somo hili si la Wakristo peke yao. Hata asiye na dini huulizwa hali kila asubuhi, na hana budi kujibu.

Wasomaji wapenzi, mmoja wenu akipatwa na msiba, simshauri afiche machozi yake. Alie, tena aite msiba kwa jina lake. Lakini baada ya kulia asikilize vizuri, huenda akasikia sauti ya nyani bondeni. Na akiyaona maji, hata yawe machache, hata yawe ya mchanga, asiache kushukuru kabla ya kunywa.